Babu Mjuzi anajibu: Simba wa Sola na mshahara wake

*Shikamoo Babu. Nina mbwa anaitwa Simba. Nikimwita ananitazama kama mtu anayedaiwa, kisha anajiendea kwa jirani. Namrushia ugali, hashtuki. Nimpe zawadi gani anisikie? — Mchovu wa Kuita, Sola, Maswa.*

Marahaba mwanangu. Una bahati, maana umemwandikia mtu ambaye hajawahi kushindwa na mnyama, ukiacha punda mmoja, na huyo nitamrudia. Kuanzia Bariadi mpaka Lamadi, nikipita ng'ombe husimama. Wenye wivu husema wanasimama kwa sababu napita katikati ya barabara.

Sasa sikia. Nilikwenda Morogoro kwa harusi, nikarudi mtaalamu. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panyabuku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Panya, mwanangu! Akipatia, kidude kinalia "tik", na papo hapo analipwa ndizi au karanga. Hakuna "njoo kesho", hakuna "fungu halijafika". Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alikwenda Kambodia akafichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika moja la Uingereza likamvisha nishani ya dhahabu. Wanadamu walipiga makofi, lakini yeye alikuwa anafanyia kazi ndizi.

Namwelewa sana. Mimi nilitunukiwa cheti cha "Mshauri Bora", nimekitundika juu ya mtungi. Waliotoa walidhani nitalia kwa furaha. Nilikuwa nataka paja la mbuzi. Tangu siku hiyo barua nazijibu polepole.

Ndiyo shida ya Simba. Ugali umemchagulia wewe, na tena anaupata kila jioni bila hata kunyanyua mkia. Aukimbilie wa nini? Itisha uchaguzi. Panga chini ugali, dagaa wa ziwani, michembe na utumbo wa mbuzi uliochemshwa, kisha mwachie mpiga kura. Atakachokiendea kwanza, siku tatu mfululizo, ndicho mshahara wa kazi ngumu. Ugali ubaki kwa vibarua vya ndani ya ua. Uchaguzi wa namna hiyo niliusimamia kwangu. Akashinda paka, nikafuta matokeo. Na kama kura zote zimeharibika, jaribu kumrushia mpira wa matambara, maana wako mbwa wanaopenda kukimbiza kuliko kula.

Kipande kiwe kidogo kama punje ya choroko, kwani mbwa akishiba anastaafu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, humeguka ikachoma utumbo. Kitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Ukiwa na chokoleti huko Sola, nitumie mimi, nijitoe mhanga.

Halafu lipa haraka. Akifika miguuni, sema "safi!" na mkono uwe tayari. Ukianza kupekua mfuko, atakuwa ameshakaa akajikuna, nawe utakuwa umenunua kujikuna. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha yule punda kunipiga teke.

Nilitaka kueleza pia habari ya mluzi, lakini mhariri ananionyesha saa. Basi kachungulie kwa jirani uone Simba anapewa nini, umpe hicho hicho. Ikiwa ni utumbo wa mbuzi, nijulishe mapema, nije kuukagua.