Jiwe la Fisi

Wanyama walipojenga jumba la ghorofa 7, kazi ya kuta walimpa Mchwa, maana hakuna ajuaye kama yeye jinsi hewa ya moto inavyopanda ndani ya kichuguu. Bomba la taka lilishuka kutoka ghorofa ya juu hadi chumba cha chini, na Mchwa aliliogopa tangu siku ya kwanza. "Hili ni dohani," alimwambia Simba, mwenye jumba. "Taka zikiwaka huku chini, moshi utamkuta Mzee Kobe kitandani."

Basi chumba cha taka akakijengea kuta za kustahimili moto kwa saa 2. Darini akaweka vinyunyizio, kila kimoja na kichupa cha kioo kinachopasuka joto likifika nyuzi 68, maji yamwagike papo hapo. Mdomo wa bomba akautilia kilango cha chuma kinachoshikiliwa na kiungo chepesi kuyeyuka. Mlango wa chumba ulikuwa mzito, wa kujifunga wenyewe.

Fisi, mzoa taka, alichoka kupambana nao akiwa na mapipa mikononi. Akauwekea jiwe usijifunge. Nyani, katibu wa wapangaji, alilikalia jiwe hilo akiandika michango. Kinyunyizio kimoja kilipovuja, Simba akafunga koki ya vyote, asiite fundi. Kosa hili nalihesabu kubwa kuliko la Fisi, kwa kuwa Simba alielezwa maji yale ni ya nini.

Usiku mmoja Ngedere akamwaga bombani jivu lenye kaa hai. Taka zikawaka. Kiungo kikayeyuka, kilango kikaanguka, bomba likazibika kama Mchwa alivyokusudia. Moshi ukapitia mlangoni, ukashika ngazi. Mzee Kobe, asiyejua kukimbia, alifia humo.

Barazani wote wakamzomea Ngedere. Mchwa akasimama.

"Jivu la moto litatupwa tena, na betri za simu zitatupwa tena. Chumba nilikijenga nikilijua hilo. Nani alifunga koki? Nani aliliona jiwe akapita?"

"Jiwe ni langu," Fisi akasema. "Lakini nililalamika mlango unanishinda, hamkunisikia."

"Mlango ungefungiwa sumaku," Mchwa akamjibu. "Huushika mlango wazi, king'ora cha moshi kikilia huuachia."

Simba akatoa fedha siku hiyo hiyo. Koki ikatiwa mnyororo ikiwa wazi, na ufunguo akapewa mjane wa Kobe, pamoja na ruhusa ya kumwamsha Simba saa yoyote.