Usivune Miaka: Mwongozo wa Chati kwa Mwalimu

Kinampanda, wilayani Iramba, kuna chuo cha ualimu, na anayehitimu pale hatakosa kazi ya kuchora chati: matokeo ya mitihani, mahudhurio, alizeti ya shamba la shule. Excel itamchorea upesi. Shida ni kwamba Excel haielewi jedwali lako. Inalikagua umbo tu. Kabla haijakuaibisha, fuata haya.

1. Usivune miaka. Umeandika "Mwaka" juu ya 2019 hadi 2023, na "Magunia" juu ya mavuno. Kwa Excel hizo zote ni tarakimu, basi zote ni mavuno. Nguzo za miaka zitapaa kupita 2,000, na magunia yako 12 yatatambaa sakafuni kama sisimizi. Dawa: futa neno "Mwaka", acha seli ya kona ya juu kushoto wazi, ndipo uchore. Itajua kwamba safu ile ni ya majina.

2. Jua nani anakaa chini. Excel hulinganisha safu mlalo na safu wima. Zilizo nyingi huzipanga kwenye mhimili wa chini. Zilizo chache huzigawia rangi. Masomo 6 yakiwa mlalo na madarasa 3 wima, masomo hukaa chini. Chora upya kwa madarasa 7, na madarasa ndiyo yatakayoshuka. Zikilingana, safu wima hushuka. Hukuridhika? Kipo kitufe cha kuzibadilisha nafasi, kibofye.

3. Jumla abaki nje. Ukimchagua pamoja na wenzake, nguzo yake itapanda hadi juu na nyingine zote zitadumaa.

4. Usiandike "magunia 12" ndani ya seli. Hayo ni maneno, na kwenye grafu ya nguzo maneno huchorwa kama sifuri. Kipimo kipandishe kwenye kichwa cha safu.

5. Usiruke mstari katikati ya jedwali. Ukibofya seli moja tu na kuagiza chati, Excel hukusanya data mpaka inapokutana na mstari mtupu, ikakomea hapo. Madarasa yaliyo chini yake hayatachorwa.

Mzazi kwenye kikao cha shule haoni jedwali. Anaona chati, naye anaiamini kwa sababu imetoka kwa mwalimu. Chagua data mwenyewe, kisha linganisha kila nguzo na jedwali kabla hujaibandika ukutani.