Seva Imezimwa, Gemu Halijafa

Ukisikia kampuni imezima seva za gemu lako, kaa matanga siku moja tu. Kesho yake, kazini. Seva za Gran Turismo 5 zilizimwa Mei 2014, na Nintendo wakafunga michezo ya mtandaoni ya 3DS na Wii U Aprili 2024. Google walifunga Stadia, huduma yao ya gemu za mtandaoni, Januari 2023, ila waliaga kiungwana: walitoa programu ya kuwezesha Bluetooth kwenye pedi zake, zikaendelea kutumika kwenye kompyuta na simu. Kilichokufa kiko ng'ambo. Mashine iliyo mezani kwako hapa Mtwara, Shangani au Mikindani, bado inasoma diski.

Huku kwetu adui mkubwa ni chumvi. Upepo wa bahari unaipenyeza hadi kwenye matundu ya feni, na pini za shaba zinaota ukungu wa kijani. Chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, pangusa vumbi kwa brashi kavu, futa pini kwa spiriti, kisha subiri ikauke kabisa. Kile kitambaa cha kufuma cha mama kina heshima zake, lakini kikae juu ya mashine iliyozimwa. Ikiwaka, kiondoe, inataka kupumua.

Wenye PS4, sikilizeni vizuri. Ndani yake mna betri ndogo ya saa, CR2032. Zamani betri hiyo ikifa na mtandao haupo, mashine iligoma kucheza hata diski. Sony walilimaliza tatizo hilo katika toleo la 9.00, Septemba 2021. Basi nunua bando leo, piga apdeti ya mashine na ya kila gemu, wakati seva bado zinapumua. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, Tanzania iliona jinsi intaneti inavyoweza kutuacha ghafla.

Halafu iteni watu. PSP mbili zinaungana zenyewe bila intaneti, 3DS vilevile, na Gran Turismo 5 bado inagawa kioo kwa madereva wawili. Weka pedi mbili, benchi moja na sheria moja: anayefungwa anapisha. Hakuna seva iliyowahi kuleta kelele tamu kama hizo.

Na ukinunua gemu jingine, tafadhali nunua diski. Maduka ya mtandaoni nayo hufungwa: la Xbox 360 lilifungwa tarehe 29 Julai 2024.