Namna ya Kuumaliza Mji wa Engaresero Kabla ya Chakula cha Mchana

Kwanza kabisa, ukifika usiulize mji wenyewe uko wapi. Ni swali la kishamba. Wenyeji hulijibu kwa kunyoosha mkono kuelekea mtoni, mlimani, ziwani na kwenye yale maduka machache ya bati, kisha wanakuacha uchague mwenyewe. Mji upo. Una mto unaopita katikati, mtaa mkuu, mnara, makumbusho, soko na ufukwe. Kama huoni lami wala ghorofa, hilo ni tatizo la macho yaliyolelewa Posta na Kariakoo. Vijitabu vya safari vimeshatufundisha kwamba mji wowote wenye mto humalizika kwa miguu ndani ya nusu siku: asubuhi daraja, saa nne makumbusho, saa sita kanisa kuu, saa saba samaki. Kanuni hiyo imefaulu Paris na London. Sioni kwa nini ishindwe wilayani Ngorongoro.

Kila mji wenye hadhi yake una foleni ya kuingilia. Ukitokea Karatu unateremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, unakata kushoto kwenda kaskazini, na kuanzia hapo foleni ni ya mageti ya ushuru. Usibishane na kijana wa geti. Yeye ndiye mwenye kamba. Toa kitambulisho cha NIDA kabla hujaulizwa, maana bei ya Mtanzania na bei ya mgeni ni mbingu na ardhi, na kwa vumbi ulilokwisha kula rangi yako haitambuliki tena. Risiti zote zitunze.

Njiani usisimame Engaruka. Ni kweli kwamba pale chini ya ukuta wa bonde kuna magofu ya vijiji vya wakulima waliojenga matuta ya mawe na kuchimba mifereji ya kumwagilia mashamba katika nchi kavu, wakaishi hivyo kwa karne kadhaa, kisha katika karne ya 18 wakawa wameshaondoka. Lakini hayo hayamo kwenye ratiba.

Matembezi yenyewe yaanze saa nne, ukishapata chai, supu na chapati mbili. Wenyeji watakushauri saa kumi na mbili alfajiri. Wasikilize kwa adabu, halafu uendelee na chapati. Wao wanalijua jua la bondeni. Wewe unaijua likizo yako.

Utapewa kijana wa kukuongoza, na huo ni utaratibu wa kijiji, si ombi. Atakuja na shuka, fimbo na makatambuga. Yatazame vizuri hayo makatambuga: kipande cha tairi la gari, kamba za mpira zimepigiliwa misumari midogo pembeni, na soli bado ina meno yake, kiasi kwamba kijana akipita kwenye majivu makavu huacha alama za chombo cha moto. Maji yakiingia yanatoka, mwiba ukiingia hautoki upande wa pili. Wewe vaa raba nyeupe. Raba nyeupe ni muhimu sana, kwa sababu mtaa mkuu wa Engaresero umejaa maji.

Mtaa huo ni mto, nao unatoka kwenye korongo. Mwanzoni una ukingo mpana na utapita kifua mbele. Baadaye kuta za mwamba zinasogeleana, ukingo unakwisha, na kijana anavuka ng'ambo bila hata kuangalia chini. Vuka nawe. Mkivuka mtavuka tena, maana kila upande una jabali lake. Maji yatapanda kutoka kifundo cha mguu hadi gotini, na mahali pengine hadi pale ulipoweka simu. Kijana atakupa mkono. Upokee, hakuna anayekujua hapa. Juu yako mitende mwitu imeshikilia mwamba kwa namna isiyoeleweka, na mbele, pale unapodhani mtaa umefungwa, maji yanatoka kifuani mwa ukuta na kumwagika. Tenga dakika kumi kwa maporomoko hayo. Watu wazima na vyeo vyao wamekuwa wakiingia chini ya maji hayo kwa dakika kumi na kutoka baada ya saa nzima wakiwa wanacheka wenyewe. Jihadhari usiwe miongoni mwao.

Jambo moja hapa halina utani. Usijipake sabuni. Chini yako mto huohuo unanywesha ng'ombe na mbuzi, unafua nguo na unachemka kwenye birika la chai ya mtu. Kando yake utakutana na mama aliyebeba dumu mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, akipanda njia ambayo wewe umeishuka kwa makalio. Msalimie "Takwenya", naye atakujibu "Iko". Ukimwambia "mambo" atajibu pia, ila atakuwa ameshakujua.

Makumbusho sasa. Hayana paa, hayana kabati la vioo, na vitu vyake vyote viko sakafuni. Ni nyayo za binadamu, zaidi ya 400, zilizokanyagwa kwenye tope la majivu ya volkano karibu na mwambao wa kusini wa Ziwa Natron. Tope likakauka likawa jiwe. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka umri wake kati ya miaka 5,760 na miaka 19,100 hivi iliyopita. Vidole vinaonekana. Kisigino kinaonekana kilivyozama, na mahali mguu ulipoteleza kidogo panaonekana. Utatamani kuweka unyayo wako juu ya nyayo hizo ili upime. Usiweke. Kule Laetoli, wilaya hiihii, nyayo za miaka milioni 3.6 imebidi zifukiwe ili zisiharibike. Hizi bado zinatazama jua, kwa hiyo nazo tuzitazame tu.

Watafiti walirudi na hesabu nyingine mwaka 2020. Kati ya waliopita hapo, 17 walikuwa wakielekea kusini-magharibi pamoja, kwa mwendo wa kawaida. Kwa vipimo vya miguu yao, inaelekea 14 walikuwa wanawake, wawili wanaume, na mmoja kijana wa kiume. Watafiti wakakumbuka jinsi wanawake wa Kihadzabe, kule Ziwa Eyasi, wanavyokwenda porini kwa makundi kuchimba mizizi, mara nyingine na wanaume wachache wakisindikiza. Kwa lugha ya mjini tungesema kina mama walikuwa kwenye shughuli yao, na wale wawili walibeba mizigo au walitoa maoni.

Hao ndio wenye mji. Waliutembea kwa miguu kabla ya vijitabu vya safari, na hakuna dalili kwamba yeyote alikuwa akitazama saa. Lakini kuna nyayo za wengine sita, zinazokwenda upande mwingine, kaskazini-mashariki, kila mmoja na mwendo wake, akiwemo aliyekuwa akikimbia. Wataalamu hawasemi alikimbilia nini. Mimi naona huyo ndiye mwenzetu: alikuwa na nusu siku.

Kutoka makumbusho, inua shingo. Mnara wa mji ni Ol Doinyo Lengai, mlima unaokaribia mita 3,000 kwenda juu, na Wamaasai huuhesabu kuwa makao ya Engai, Mungu wao, kwa hiyo usiunyooshee kidole huku unatafuna. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya namna yake, iliyojaa magadi. Ndiyo, magadi, jamaa wa yale ya kulainishia maharage. Lava nyingine nyingi huzidi nyuzi 1,000 za joto. Hii hutoka ikiwa na nyuzi 500 na kitu, nyeusi na nyepesi kama maji ya mto wenye tope, na ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Ndiyo maana mgeni huona kilele akadhani ni theluji, akaenda kutafuta koti. Mwaka 2007, baada ya mitetemeko ya mwezi Julai iliyosikika hadi Nairobi, mlima ulilipuka mwezi Septemba na kumwaga majivu hadi mwaka uliofuata. Tangu hapo umetulia kwa kiasi chake.

Wapandaji huanza usiku wa manane ili wafike juu alfajiri kabla jua halijawaka. Usiku wa manane haumo ndani ya nusu siku yako. Piga picha, weka alama ya vema.

Ufukwe hautachukua muda. Ziwa ni pana lakini kina chake hakifiki mita tatu, na wakati wa kiangazi maji hujivuta mbali, yakaacha tope lililokauka vipandevipande na ganda jeupe la chumvi. Waliovaa nguo za kuogelea wazivue. Maji ni makali kwa ngozi, ila heroe wadogo wameyazoea. Hili ndilo ziwa pekee la Afrika Mashariki wanakozaliana kwa kawaida, kwa sababu adui gani atavuka tope hilo kwenda kula yai? Utawaona kwa mbali, mstari wa rangi ya waridi unaotetemeka kwenye joto. Kwenye picha ya simu hawatatokea. Waambie nyumbani walikuwepo.

Soko litakufuata lenyewe. Kina mama watatandika shuka chini na kupanga shanga, bangili, vibuyu. Sema, "Yeyo, nipunguzie kidogo," upunguziwe kidogo, ulipe. Anayekata bei hadi robo kisha akapanda gari lenye kiyoyozi hana haja ya mwongozo wangu.

Saa saba umekaa kivulini na sahani ya wali maharage, raba zimeanikwa juu ya boneti, zimepata rangi ambayo haitatoka. Mji umekwisha. Kijana atauliza kama mtaondoka kesho alfajiri. Mwambie mnaondoka sasa hivi, jioni mna mji mwingine. Atadhani upepo umemchanganyia maneno na atarudia swali. Rudia jibu kwa sauti zaidi, mlipe chake chote bila kukata, kisha panda gari. Kaa upande wa kulia, nyuma ya dereva: ukirudi kusini mlima utakuwa upande huo kwa muda mrefu, na dirisha la kushoto litakuonyesha vumbi tu.