Sauti ya Ukweli Yapita Kiandutu

Katika riwaya ya Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 1986, redio iitwayo Sauti ya Ukweli hutangaza uongo kutwa kucha. Serikali halisi ya Kenya ilimsikia shujaa wa riwaya hiyo akinong'onwa vijijini na, kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, ikaagiza akamatwe. Polisi walipotambua kuwa mshukiwa ni wa kubuni, walizoa nakala za riwaya hiyo madukani mwaka 1987. Ya Musa hayo: dola yenye redio ya taifa, taarifa ikianza na Mtukufu Rais, ilitishwa na mtu wa karatasi.

Siku hizi, hapa Kiandutu, Thika, Sauti ya Ukweli ina magurudumu. Msimu wa kura ukifika, gari lenye vipaza sauti huingia likikwepa mtaro wa maji machafu ambao msemaji aliye juu anaapa umeshafunikwa. Mama muuza mandazi, karai mkononi, anauruka mtaro uo huo huku akiombwa asizuie maendeleo. Bango analoachiwa huliziba tundu la mabati, uso wa mheshimiwa ukiwa nje, nao unyeshewe kama sisi.

Waheshimiwa, uongo wa redioni huweza kufaulu pale msikilizaji asipokuwa na pa kuhakikisha. Wa kwenu mnautangazia juu ya ushahidi! Nawe msomaji, gari likipita, tazama chini kwanza, kisha udai kuiona bajeti ya Kaunti ya Kiambu.