Kila Mmoja kwa Uwezo Wake

Mwaka 2015 Kiboko aliitisha baraza kando ya Ziwa Ihema, katika hifadhi ya Akagera, mashariki mwa Rwanda. Ajenda ilikuwa moja: Simba arudi, au asirudi?

Nyani, karani wa baraza, alisoma kumbukumbu. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wakimbizi walirejea na mifugo yao, hifadhi ikajaa ng'ombe. Mwaka 1997 zaidi ya nusu ya ardhi yake ikamegwa ili watu wapate pa kuishi. Simba akaonja ng'ombe. Wenye ng'ombe wakatia sumu kwenye mizoga. Tangu hapo miaka takriban 15 ilipita bila ngurumo.

"Nyika isiyo na simba ni aibu," alisema Kiboko, maji yakimfika puani. "Wageni wanatuuliza mfalme yuko wapi. Tuwajibu nini?"

Tembo akaunga mkono. Fisi akaunga mkono mara mbili, maana anajua makombo hutoka wapi.

Swala akainua ukwato. "Samahani, Mwenyekiti. Huyo bwana akija, atakula nini?"

Baraza likakohoa. "Hilo ni suala la kitaalamu," Kiboko akajibu. "Tutachangia sote, kila mmoja kwa uwezo wake."

"Na wewe, mzee wangu, utachangia nini?"

"Uongozi."

Hoja ikapita. Simba saba, majike watano na madume wawili, wakaletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Wakawekwa kwanza ndani ya boma kwa wiki mbili, wakiletewa chakula, wazoee hali ya hewa. Wakavishwa mikanda ya setilaiti shingoni ili wasipotee.

Swala akamwendea karani. "Nami nivisheni mkanda. Nikipotea, nani atanitafuta?"

Nyani akapekua kanuni. "Simba akipotea ni dharura," alisema kwa upole. "Swala akipotea ni ikolojia."

Swala akaenda hadi kwenye uzio wa umeme, ule wa kilomita 120, akamkuta Ng'ombe akilisha ng'ambo.

"Huku mambo yamenyooka, dada," Ng'ombe akamwambia. "Vijiji vyetu hupata mgawo wa mapato ya utalii. Mmoja wetu akiliwa, mwenyewe hudai fidia."

"Na aliyeliwa hudai nini?"

Ng'ombe akaendelea kucheua.

Kusema kweli, mpango ulifaulu. Simba walizaana hadi wakapita arobaini, magari ya wageni yakaongezeka, na Kiboko akapigwa picha nyingi. Katika kila hotuba aliwashukuru swala kwa moyo wao wa kujitolea. Wao hawakuwahi kufika kusikiliza, walikuwa wakikimbia.

Mwaka 2021 baraza likaitwa tena. Safari hii wageni watarajiwa walikuwa vifaru weupe 30, nao pia kutoka Afrika Kusini. Kiboko alikuwa tayari kufunga kikao aende zake kuoga, Swala akainua ukwato.

"Mwenyekiti, hawa wanakula nini?"

"Nyasi," akajibu Nyani. "Hasa zile fupi za kandokando ya maji."

Kiboko akatoka majini mzima mzima, jambo ambalo baraza halikuwahi kuliona mchana. "Nyasi za nani?" akanguruma. "Je, wenyeji wameshirikishwa? Uchunguzi umefanywa? Naunda kamati!"

"Punguza hasira, mzee wangu," akasema Swala. "Tutachangia sote."

Ngiri, aliyekuwa kimya tangu kikao cha kwanza, akaguna. "Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Ndugu yangu hakuulizwa utamu wake, lakini leo walau nimeona umechoma pengine."

Kamati ikaanza kubishana nani awe katibu. Ilikuwa bado inabishana ndege ya vifaru ilipotua Kigali.