Sifa za Vumbi la Rangi Kuukuu

Zama hizi ambapo amana huliwa na waliokabidhiwa, anayestahili kusifiwa kwa uaminifu ni vumbi la rangi kuukuu. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe yenye risasi, lakini katazo lenyewe lililenga kazi za ndani ya majengo. Huko nje, kwenye fremu, shata na mbao za ukingo wa paa, watu waliendelea kuipaka kwa kuwa inashika vizuri na kustahimili jua na mvua. Marekani haikuipiga marufuku kwenye nyumba hadi 1978. Risasi haiozi. Tabaka juu ya tabaka imetulia pale, ikimsubiri fundi apitishe msasa, na siku hiyo vumbi hurudisha kila kilichowekwa, bila makato.

Wanaolilaumu hutaja ubongo wa mtoto, na hapo siwapingi: kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama hakipo. Ila vumbi halikuchanganya kopo. Lenyewe linafikisha mzigo tu, tena kwa bidii ya ajabu: linajificha kwenye mikunjo ya suruali ya fundi, linapanda naye daladala bila nauli, linashuka kwenye mkeka anakotambaa mwanawe, ambaye kila kidole chake kinaishia mdomoni. Wengine hudai mashine ya msasa inamaliza kazi haraka. Inamaliza, ndiyo, na isipofungwa kifyonza chenye kichujio cha chembe ndogo kabisa, inaligawa vumbi hilo mtaa mzima kwa usawa ambao serikali nyingi zimeushindwa. Moto nao hautufai, maana hugeuza risasi kuwa moshi.

Kitu pekee kinacholifedhehesha ni maji. Funga madirisha, tandaza nailoni nzito chini, nyunyizia rangi maji kidogo, kwangua kwa skrepa, kisha malizia kwa msasa wa maji: vumbi lote linakuwa tope zito la kijivu linalodondoka pale pale, nawe unakunja nailoni kwa ndani. Ufagio mkavu uache. Pangusa kwa kitambaa kibichi, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mwenye haraka atasema haya ni mambo ya wazungu, atajifunga leso puani na kuendelea. Vumbi linamshukuru sana.